Mtoto anayependa kuvua samaki na kufuga wanyama: maswali ya wazazi

Kuna mtoto ambaye wiki nzima huhesabu siku za kwenda kuvua na familia, na akirudi nyumbani hoja yake ni moja: lini ataletewa mbwa. Maswali yafuatayo ni ya wazazi wa mtoto kama huyo. Sikuyapa nafasi sawa, kwa sababu hatari zenyewe hazilingani.

Binti yangu ana miaka 6. Babu yake humchukua kwenda kuvua, na sasa anataka mtoto wa mbwa. Kuna faida yoyote ya kiafya hapo, au tunamdekeza tu?

Faida ipo, ila si kila inayosemwa ni ya kweli. Lililo wazi ni kwamba mtoto anayeshinda nje kwenye mwanga wa mchana hapati upesi tatizo la kutoona mbali kama yule anayeshinda ndani. Tena kukaa kando ya maji ukingoja samaki ni zoezi la subira ambalo hakuna simu inayoweza kulitoa, na babu anapata saa mbili za mazungumzo na mjukuu wake.

Kuhusu mbwa, usimnunue kama dawa. Utasikia kwamba mtoto anayekua na wanyama hapati pumu wala mzio. Tafiti za jambo hilo zinapingana. Mbwa aletwe nyumbani ikiwa yupo mtu mzima atakayemlisha na kumsafisha asubuhi ambayo mtoto amechoka naye. Na tusidanganyane, mtu huyo ni wewe.

Kwenye safari ya kuvua niogope nini hasa? Ndoana? Nyoka? Jua?

Ogopa maji. Hayo mengine yanatibika.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kinachowaponza wazazi ni kudhani kwamba mtoto anayezama atapiga kelele. Hapigi. Mdomo wake unazama na kuibuka, na kila unapoibuka pumzi inayopatikana ni ya kuvuta tu, haitoshi kuita. Mikono huyakandamiza maji badala ya kupunga. Kwa aliye mbali anaonekana kama anayecheza, na mambo huisha ndani ya dakika chache.

Uvuvi una mtego wake hapa. Ni shughuli inayowafundisha watu wazima kukazia macho kitu kimoja: chelezo, yaani kile kielea cha kwenye mshipi. Samaki anapodonoa, kila mtu hugeukia mshipi, na dakika hiyohiyo mtoto naye husogea ukingoni ili aone. Watu wazima wakiwa watano, kila mmoja hudhani mwenzake anamtazama.

Kwa hiyo mchagueni mlinzi mmoja. Hashiki mshipi, hashiki simu, hanywi pombe, na akiwa na mtoto mdogo hakai mbali kuliko urefu wa mkono. Baada ya nusu saa amkabidhi mwingine kwa kutamka: "Zamu yako sasa." Msikabidhiane kwa ishara ya kichwa.

Mtoto avae jaketi la kuokoa maisha hata mnapovua ukingoni, si kwenye mtumbwi tu. Ukishalifunga, linyanyue kwa mabega yake. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamvuka kichwa. Maboya ya kujaza upepo ya kuchezea hayahesabiki. Kujua kuogelea kunasaidia sana, lakini mtoto aliyeteleza na viatu na nguo kwenye maji baridi si yule uliyemwona akiogelea bwawani.

Akiopolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkandamize tumbo ili kutoa maji. Mwili wake umekosa hewa, basi anzeni kwa kumpulizia pumzi mdomo kwa mdomo, kisha mkandamizeni katikati ya kifua, mkipishanisha hayo mawili wakati mwingine anaita msaada. Hata akizinduka na kuanza kulia, aende hospitali siku hiyohiyo.

Ndoana imemwingia kidoleni. Niivute?

Itazame kwanza. Ndoana nyingi zina kijino kilichoelekea nyuma, na hicho ndicho kinachomshika samaki. Kikishaingia nyamani, kuivuta kwa ilikoingilia ni kuchana. Kata mshipi, zuia ndoana isitikisike, mpeleke kituo cha afya. Watamtia ganzi na kuitoa bila vita. Ulizia chanjo yake ya pepopunda.

Ikiwa imeingia jichoni, usiiguse kabisa. Funika jicho kwa kikombe kisicholigandamiza, mwende mara moja.

Mjomba mwenye koleo anaweza kuvilaza vijino vyote kabla ya safari. Mtapoteza samaki mmoja wawili, na hilo ni sawa. Kila anayerusha mshipi atazame nyuma kwanza.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: chubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi. Zile za kizamani ni za madini ya risasi, na wavuvi wana mazoea ya kuzibana kwenye mshipi kwa meno. Mtoto ataiga. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama katika damu ya mtoto, na risasi huudhuru ubongo unaokua. Tumieni chubwi za chuma, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Akimeza chubwi ya risasi, ni hospitali, hata kama anacheka.

Aliingia majini hadi magotini na jioni akajikuna miguu. Ni kichocho?

Inawezekana, ikiwa ni maji yasiyo ya chumvi ya ziwa, bwawa au mto katika eneo lenye ugonjwa huo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache, kwa hiyo kujikausha baada ya kutoka si kinga ya kutegemea. Muwasho wa siku ya kwanza hupoa wenyewe. Angalia wiki zinazofuata: homa, kikohozi, maumivu ya tumbo, damu kwenye mkojo au choo. Kupima kesho yake hakutaonyesha kitu, kwani mayai huonekana baada ya wiki kadhaa. Mwambie mhudumu wa afya tarehe aliyoingia majini. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya kumeza.

Mnyama gani anamfaa, na yupi hafai?

Kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, ningekataa kobe, kasa, mijusi, vyura na vifaranga. Hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, na mtoto wa umri huo hutia kila kitu mdomoni. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiugua.

Mbwa na paka wanafaa, lakini mtoto wa mbwa mara nyingi huzaliwa tayari na minyoo aliyoipata kwa mama yake. Dawa huanza akiwa na wiki 2 tu na kurudiwa kila wiki 2 hadi afikishe wiki 12. Kinyesi kizolewe kila siku. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa wiki kadhaa udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayezoa mapema anashinda kirahisi. Paka mdogo mwenye mabaka yasiyo na manyoya aonwe na daktari wa wanyama kabla hajalala kitandani, vinginevyo mtavuna mapunye.

Mbwa wetu amemng'ata kidogo tu, damu haikutoka sana. Nifanye nini?

Osha sasa, endelea kusoma baadaye. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Usipake mafuta, majivu wala kitu chochote cha jikoni. Kisha nenda kituo cha afya leo.

Sababu ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kati ya kung'atwa na dalili kwa kawaida hupita miezi miwili au mitatu, mara nyingine wiki moja tu, na katika nafasi hiyo chanjo huwahi. Mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa, naye akapona. Tangu wakati huo hakuna sababu ya mtoto aliyewahiwa kufa kwa ugonjwa huu. Mbwa anayeonekana mzima atazamwe kwa siku 10, ila matibabu ya mtoto hayangoji siku hizo ziishe. Mbwa mwenyewe achanjwe akifikisha miezi 3.

Ningependa wazazi wakae na jambo hili kidogo. Mtoto anayempenda mnyama wake ndiye anayeficha jeraha. Amesikia mara ngapi: "Akikuuma tu, nitamtoa"? Basi anavuta mkono wa shati na kunyamaza. Kauli hiyo iacheni. Mwambieni tangu siku ya kwanza kwamba akiumwa au akikwaruzwa aseme, hatagombezwa, na mbwa hatafukuzwa kwa sababu yeye amesema. Kisha mfundisheni asimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Wengi wa watoto wanaong'atwa hung'atwa na mbwa wanayemjua.

Jino la paka huacha tundu dogo kama la sindano, lakini huingia ndani sana. Kidole kilichong'atwa na paka kikivimba kesho yake, usikisubiri kesho kutwa.

Mnyama akifa, nimwambie nini?

Sema "amekufa". Ukisema amelala, mtoto wa miaka 5 atamngoja aamke, au ataogopa kulala yeye. Alie, naye amzike kama anataka. Usilete mwingine wiki hiyohiyo.

Amevua kisamaki kidogo na anakililia tukifuge nyumbani. Tumkubalie?

Mkubalieni ikiwa sheria za eneo mlipovua zinaruhusu na chombo mnacho. Ila maji ya tangi la samaki yanaweza kuwa na bakteria, jamaa ya yule wa kifua kikuu, anayeingia kwenye mchubuko. Wiki kadhaa baadaye hutokea kinundu kisichopona, mara nyingi kwenye kidole, na watu huhangaika na mafuta ya kupaka miezi mizima kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumtajia daktari tangi. Mtajieni. Maji yabadilishwe na mtu mzima asiye na kidonda mkononi, akivaa glavu, mbali na mahali pa kuoshea vyombo. Mtoto alishe, kisha anawe. Na mkichoka kukifuga, msikimwage kwenye maji mengine kuliko kilikotoka.