Kwa nini pochi yenye pesa hurudishwa zaidi kuliko pochi tupu?

Pochi mbili zimeokotwa. Zote zina kadi zenye jina na barua pepe ya mwenyewe. Tofauti ni moja tu: ya kwanza ina noti kadhaa, ya pili haina hata senti. Ipi ina nafasi kubwa ya kumfikia aliyeipoteza?

Watu wengi hujibu ile tupu, tena kwa uhakika wa mtu anayeijua dunia. Pesa ni kishawishi, na kishawishi kikizidi uaminifu hupungua. Wahenga nao walishasema fedha fedheha. Jibu hilo lina mantiki nzuri sana, ila si sahihi.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa mwanauchumi Alain Cohn na wenzake watatu, ambao walisambaza pochi zaidi ya 17,000 katika miji 355 ya nchi 40. Zilikuwa vikasha vinavyoonyesha vilivyomo bila kufunguliwa: kadi tatu za biashara, orodha ya vitu vya kununua sokoni, ufunguo, na katika baadhi, fedha ya nchi husika yenye thamani ya kama dola 13. Msaidizi wa utafiti aliingia mahali penye mapokezi, kama vile benki, hoteli, posta, jumba la makumbusho au ofisi ya umma, akamwambia mhudumu kwamba ameiokota hapo jirani, kwamba ana haraka, na tafadhali amtafute mwenyewe. Kisha akaondoka. Kila pochi ilikuwa na anwani yake ya barua pepe, na watafiti wakakaa kusubiri ujumbe.

Kwa pochi zisizo na pesa, asilimia 40 ya wahudumu waliandika. Kwa zenye pesa, asilimia 51. Katika nchi 38 kati ya 40 mwelekeo ulikuwa huo huo. Mbili zilizokwenda kinyume, Peru na Mexico, tofauti yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba haimaanishi kitu kitakwimu.

Mtu mwenye shaka atasema dola 13 si kishawishi, ni nauli. Watafiti walilifikiria hilo pia. Nchini Marekani, Uingereza na Poland waliongeza kundi la tatu, pochi zenye thamani ya dola 94 hivi. Matokeo katika nchi hizo tatu: bila pesa asilimia 46, kwa pesa kidogo 61, kwa pesa nyingi 72. Ngazi ilipanda pale ambapo wengi walitarajia ishuke.

Tena walihakikisha kwamba hakuna aliyetarajia ipande. Waliwauliza Wamarekani wa kawaida wakisie matokeo, na hao wakasema pesa zikiongezeka marejesho yatapungua. Waliwauliza pia wanauchumi 279 wa vyuo vikuu. Hawa walikosea kidogo kuliko raia wenzao, lakini hata wao hawakuuona ule mpando. Ni nadra kuona wataalamu na wasio wataalamu wakikosea pamoja namna hiyo.

Basi yakatafutwa maelezo mepesi. Labda wahudumu waliogopa kamera za ulinzi au wenzao waliokuwa karibu? Watafiti walikuwa wameandika hali ya kila ofisi, na vitu hivyo havikuielezea tofauti. Labda sheria za mali iliyopotea? Marekani zinatofautiana jimbo hadi jimbo, lakini mwenendo wa marejesho haukuzifuata. Labda waliandika barua pepe, kisha wakarudisha pochi iliyochotwa? Pochi kadhaa zilichukuliwa kweli ili kukaguliwa, na zaidi ya asilimia 98 ya pesa ilikuwamo.

Tunabaki na kilichomo ndani ya mtu mwenyewe. Chukua mizani ya sahani mbili. Hesabu ya kawaida huweka faida ya kukaa na pochi kwenye sahani ya kushoto, na kwenye ya kulia huweka jiwe moja lisilobadilika, ambalo ndilo uaminifu wa mtu huyo, mkubwa au mdogo kadiri alivyolelewa. Kwa hesabu hiyo ni wazi kwamba ukizidi kuongeza noti kushoto, kuna siku mizani itaegemea huko. Kosa liko kwenye lile jiwe. Halibaki vile vile. Kila noti inayotua kushoto inaongeza uzito kulia pia, kwa sababu inabadilisha jina la kitendo. Kuacha pochi tupu kwenye droo ni uvivu, na mvivu hulala usingizi wake vizuri tu. Kuacha pochi yenye dola 94 kwenye droo hiyo hiyo, kwa mikono ile ile isiyofanya lolote, kunakaribia wizi. Mhudumu hakubadilika, na droo ni ile ile. Kilichobadilika ni atakavyojiona kesho asubuhi, na kwa viwango vilivyojaribiwa, sahani ya kulia ilikuwa ikijaa haraka kuliko ya kushoto.

Hili halikubaki kuwa dhana tu. Watu walipoulizwa ni kwa kiasi gani kutorudisha pochi kungewafanya wajione wezi, jibu lilipanda sambamba na pesa: chini kwa pochi tupu, juu kwa dola 13, juu zaidi kwa dola 94. Ufunguo nao ulikuwa na kazi yake. Kwa mwokotaji hauna thamani yoyote, ila kwa mwenyewe ni mlango wa nyumba. Katika nchi zile tatu, pochi zenye pesa lakini zisizo na ufunguo ziliripotiwa pungufu kwa kama pointi 9 za asilimia. Kwa hiyo huruma ipo. Kuitenga kabisa na hofu ya kujiita mwizi ni kazi ngumu, maana anayepoteza pesa nyingi naye anahurumiwa zaidi.

Mizani hiyo hiyo inaonekana katika jaribio jingine, dogo na la ajabu zaidi. Urs Fischbacher na Franziska Föllmi-Heusi, katika makala yao ya mwaka 2013, waliwapa wanafunzi dadu warushe bila kuonwa na mtu, kisha wataje namba. Aliyetaja 1 alilipwa faranga 1 ya Uswisi, 2 faranga 2, hivyo hivyo hadi 5. Aliyetaja 6 hakupata kitu. Mwongo kamili angetaja 5. Kwa makadirio yao, kama asilimia 20 ndio waliodanganya kikamilifu, na karibu 39 walisema kweli. Kilichobaki ndicho cha kuvutia: namba 4 nayo ilitajwa mara nyingi kuliko dadu inavyoruhusu. Kuna watu waliokuwa tayari kudanganya lakini wakaiacha faranga moja mezani. Huenda walitaka kujificha kwa mtafiti, huenda kwa nafsi zao. Namba peke yake haitofautishi.

Yapo ya kupunguzia shangwe. Hakuna aliyejaribu pochi yenye mshahara wa mwaka. Wahudumu walikuwa kazini, na walikabidhiwa pochi mkononi na mtu aliyewatazama usoni. Kuiokota gizani ukiwa peke yako ni jambo jingine. Na fani hii ya kuchunguza uaminifu ina doa lake: makala maarufu ya mwaka 2012, iliyodai kwamba kusaini juu ya fomu badala ya chini hupunguza udanganyifu, ilifutwa mwaka 2021 baada ya kugundulika kwamba sehemu ya takwimu zake ilibuniwa. Utafiti wa pochi haumo katika mkasa huo.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu kuzipanga nchi kwa uaminifu, jambo ambalo vyombo vya habari vililikimbilia mara moja. Uswisi na nchi za Skandinavia zilikuwa juu, China ikawa chini kabisa. Lakini kilichopimwa ni barua pepe. Watafiti wengine walirudia jaribio katika miji 10 ya China na kuchapisha matokeo mwaka 2023, safari hii wakihesabu pia pochi zilizotunzwa hadi mwenyewe aje. Walioandika barua pepe walikuwa kama asilimia 27. Pochi zilizopatikana zilikuwa kama asilimia 78.