Je, wajua kwa nini mbwa huelewa mnofu kuliko fimbo?

Mitaani Dodoma utasikia watu wakisema mbwa wa kienyeji hafundishiki, labda mbwa wa polisi. Anayesema hivyo mara nyingi ameshika fimbo, anafoka "Kaa! Kaa we!", na mbwa amejikunyata, mkia kaufyata. Ukimtazama haraka utadhani ametii, kumbe ameogopa tu. Hajui anatakiwa afanye nini.

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio yake ya kuwafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku. Paka alikwaruza huku na huku mpaka kwa bahati akagusa kifungulio, mlango ukafunguka, akatoka kula. Kila aliporudishwa ndani, kwa kawaida alichukua muda mfupi zaidi kutoka. Kitendo kilichomletea mnyama jambo jema, hukirudia. Fimbo inaweza kukomesha kitendo, ila haimwambii afanye kipi badala yake.

Tuanze na "kaa". Nunua mapupu ya ng'ombe buchani, yachemshe bila chumvi, uyakatekate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Viwe vidogo hivyo hivyo, maana akishiba somo limekwisha. Mnusishe kimoja, kisha kipitishe taratibu juu ya pua kuelekea kisogoni. Usikiinue sana, ataruka. Kichwa kikifuata harufu juu, makalio hushuka yenyewe, huna haja ya kumkandamiza mgongo. Yakigusa tu ardhi, sema "Safi!" na umpe.

Hiyo "tu" ndiyo inayowashinda wengi. Ukichelewa sekunde chache, mbwa kashanyanyuka, na hapo umemlipa kwa kunyanyuka. Ndiyo kazi ya "Safi": inamfikia papo hapo, mkono ukiwa bado unahangaika na mfuko. Mwanzoni kwake ni kelele kama kelele nyingine, lakini ikifuatwa na nyama kila mara, inageuka taarifa kwamba nyama inakuja. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliona mbwa wake wakidondosha mate kwa ishara tu, chakula hakijafika mdomoni. Amri yenyewe, "kaa", ianze kutamkwa pale mbwa anapokuwa ameshauzoea mwendo.

Anayeona haya ni mambo ya Wazungu na mbwa wao wa sebuleni, apande treni mpaka Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kwa njia hiyo hiyo: kidude kinalia, panya anapata ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Kama panya anaweza, mbwa anayesaidiana na Wagogo kuswaga ng'ombe kutwa nzima atashindwa nini?

Akishaelewa, acha kumlipa kila mara. Asiyejua malipo yatakuja lini huendelea kujaribu. Mfundishe dakika chache asubuhi au jioni. Jua la mchana la Oktoba halifai, kwa sababu mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema.

Na usimwite halafu ukamchapa kwa sababu asubuhi aliiba mboga. Ya asubuhi hayaunganishi na kichapo chako. Anachokiona ni kwamba alikuja alipoitwa, akapigwa, na kesho ukimwita atakuangalia kwa mbali.

Mapupu yakikosekana, dagaa wakavu wasio na chumvi wanatosha. Ila zabibu, ambazo hapa kwetu msimu wake ukifika zimejaa kila kona, usimpe kabisa, mbichi wala kavu. Hata chache zinaweza kumharibu mbwa figo. Akizila, usisubiri dalili, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.