Virginia kuna kura karibu kila mwaka, na kiti kikibaki wazi hawasubiri

Mwaka 2024 kwenye darasa letu la uraia kule Harrisonburg, mji wa jimbo la Virginia hapa Marekani, mama mmoja Mkongo ambaye ameshakuwa raia alinitolea barua aliyotumiwa na ofisi ya uandikishaji wapiga kura, ameikunja mara nne kaiweka ndani ya pochi, akaniambia mwalimu mimi nimechoka, 2023 nilienda nikapiga kura, sasa naitwa tena, hawa watu wanachagua kila siku? Nikamwambia mama kaa tuongee, maana swali lako wengi tunalo ila tunakaa kimya tunasubiri ya rais tu.

Ndiyo, karibu kila mwaka. Sisi tuliokulia Tanzania au Kenya tumezoea miaka 5 inafika, siku moja unamaliza kila kitu, rais mbunge diwani unarudi nyumbani. Virginia mambo ya jimbo wanachagua miaka inayoishia na namba witiri. 2023 walichagua bunge la jimbo lote, ambalo lina sehemu mbili, viti 40 vya seneti na viti 100 vya wajumbe, 2024 rais na wabunge wa Washington, yaani wa Bunge la Marekani, 2025 gavana na wale wajumbe 100 tena kwa sababu wao muda wao ni miaka 2 tu. Halafu gavana wa Virginia haruhusiwi kugombea vipindi viwili mfululizo, kwa hiyo kila baada ya miaka 4 lazima aje mwingine, ndo maana Novemba 4, 2025 aligombea Abigail Spanberger na Winsome Earle-Sears, gavana aliyekuwepo hakuwa hata kwenye karatasi. Spanberger akashinda, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Virginia.

Hapa niweke sawa neno moja linalotuchanganya sana. Kwetu Tanzania jimbo ni lile la mbunge, lakini huku jimbo ni Virginia yote, na kile kipande anachotoka mbunge tunaita wilaya ya uchaguzi. Ukisikia mtu anasema wilaya ya 4, ujue kuna mtu mmoja tu anayeenda Bunge la Marekani kutoka pale. Virginia wanaenda 11, pamoja na maseneta wawili ambao ni wa jimbo zima, Mark Warner na Tim Kaine.

Barua ya yule mama ilikuwa na namba tatu. Bunge la Marekani 6, seneti ya jimbo 2, wajumbe 34. Akasema mbona zamani mume wangu alikuwa na 26? Na alikuwa sahihi kabisa, Harrisonburg ilikuwa 26 kwa seneti na 26 pia kwa wajumbe. Mume hajahama nyumba, kilichobadilika ni ramani. Baada ya sensa ya 2020 ilibidi ichorwe upya, wananchi walikuwa wameshapitisha kwenye katiba kwamba kazi hiyo ifanywe na tume ya watu 16, nusu wanasiasa nusu raia wa kawaida, tume ikakwama haikuelewana, ikabidi Mahakama Kuu ya Virginia iteue wataalamu wawili ndo ramani ikapita Desemba 2021. Kwa hiyo usikariri namba ya miaka ile, kila ukipata barua mpya isome.

Sasa uchaguzi mdogo, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri kwa sababu tunaupoteza sana.

Donald McEachin alikuwa mbunge wa wilaya ya 4, ile ya Richmond, makao makuu ya jimbo, na Petersburg. Alichaguliwa tena Novemba 8, 2022, na Novemba 28 akafariki, siku 20 tu. Katiba ya Marekani hairuhusu gavana amteue mtu kukaa kwenye kiti cha mbunge wa Washington, lazima wananchi wapige kura (kiti cha seneta ni tofauti, pale gavana anaweza kuweka mtu kwa muda). Desemba 12 gavana akatangaza uchaguzi utakuwa Februari 21, 2023, na vyama vilete majina mwisho Desemba 23. Hebu hesabu hizo siku. Chama cha Democrats wakafanya mchujo wao wa kumpata mgombea Jumanne Desemba 20, wiki ya Krismasi, watu wako kazini na wengine wanapanga safari, vituo vichache sana. Jennifer McClellan akashinda mchujo kwa zaidi ya asilimia 80, na kwa vile wilaya ile ni ya Democrats kwa mbali, Februari ilikuwa kukamilisha tu, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Virginia kuingia bunge lile. Ukijiuliza mbunge wa wilaya ya 4 alipatikana lini, mimi nitakuambia Desemba 20, na nina uhakika watu wengi wa pale hawakujua siku hiyo kuna kitu.

Na haikuishia hapo. McClellan alikuwa seneta wa jimbo, kiti chake kikabaki wazi, Machi 28 wakapiga kura tena, akaingia Lamont Bagby aliyekuwa mjumbe, basi na kiti chake nacho kikabaki wazi. Ni kama kupanga foleni, wa mbele akisogea wote nyuma wanasogea. Kaunti ya Loudoun waliona hivyo hivyo, seneta wao wa jimbo Suhas Subramanyam alienda Washington, wakapiga kura Januari 7, 2025, siku moja baada ya theluji kubwa, kujaza kiti chake cha seneti na kile cha mjumbe aliyekuwa anapanda kumrithi. Wakati ule seneti ya jimbo ilikuwa Democrats 21 kwa Republicans 19, kiti kimoja kina uzito wa ajabu.

Kama unadhani kura moja si kitu, 2017 pale mji wa Newport News, wilaya ya 94 ya wajumbe, baada ya kuhesabu na kurudia na kwenda mahakamani Shelly Simonds na David Yancey walitoka 11,608 kwa 11,608. Januari 4, 2018 wakaweka majina mawili kwenye vikopo vya filamu ya kamera, wakavitia ndani ya bakuli la udongo, ofisa akachanganya akachomoa kimoja, Yancey. Chama chake kikabaki na viti 51 kwa 49. Mtu mmoja tu pale mtaani angeahirisha kufua nguo akaenda kituoni, bakuli lisingehitajika. Na wajumbe hao ndo wanapanga vitu vinavyotugusa, Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kupanuliwa 2018 iliamuliwa Richmond, ile kadi ya kuendesha gari kwa wasio na makaratasi iliyoanza Januari 2021 iliamuliwa Richmond, Washington haikuhusika kuvipigia kura.

Watu walioipigania haki hii wapo. Katiba ya Virginia ya 1902 ilidai dola 1.50 kila mwaka ndo upige kura, na ukiwa na deni unalipa mpaka la miaka 3, mpaka Annie Harper, mama mweusi wa Fairfax, alipofika Mahakama Kuu ya Marekani na 1966 kodi ile ikafutwa. Leo hatulipi hata senti, na bado 2020 kwenye ya rais walipiga zaidi ya milioni 4.4, mwaka uliofuata kwenye ugavana wakawa milioni 3.3 hivi. Inaniuma kuona pengo hilo.

Jambo moja zito kwa wenye green card na wanaosubiri makaratasi: huruhusiwi kupiga kura wala kujiandikisha. Ukijaza fomu ya leseni na kuna swali kama wewe ni raia, soma taratibu, kama hujaelewa uliza kabla ya kusaini, maana kosa hilo linaweza kukufukuzisha nchini hata kama hukukusudia. Lakini simu ya mjumbe wako unaweza kupiga, yeye ni wa kila anayeishi wilaya yake.

Kwa raia, ofisi ya uandikishaji ipo kila kaunti na kila mji unaojitegemea. Nenda na anwani yako, waambie wakupe namba tatu na kituo chako, halafu waulize kama kuna uchaguzi mdogo uliotangazwa. Uliza na mchujo ni lini.