"Skin Deep": Kasri Linabeba, Mji Unalemea

Vijana ninaowafunza uandishi wa miswada hapa Nakuru huniuliza watazame nini ili waone ngano ya zamani ikigeuzwa drama ya runinga. Jibu langu halibadiliki: "Skin Deep", kipindi cha 12 cha msimu wa kwanza wa Once Upon a Time, kilichorushwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 12 Februari 2012. Si kwamba hakina dosari. Nusu yake imeandikwa kwa mkono wa fundi na nusu nyingine imeandikwa mbiombio, na mwanafunzi anaziona zote mbili kwa kikao kimoja.

Kwa ambaye hajaiona tamthilia hii: Malkia mwovu amewalaani wahusika wa ngano, wakajikuta katika mji mdogo wa Marekani uitwao Storybrooke, karibu wote hawakumbuki wao ni nani. Hadithi huenda mbele na nyuma, mara kasrini enzi za uchawi, mara mjini leo. Katika kipindi hiki, mwandishi Jane Espenson ameozesha ngano mbili zisizo na undugu: ile ya Kifaransa ya msichana mrembo na dubwana, na ile ya Kijerumani ya Rumpelstiltskin, kijitu kinachosokota nyasi kavu zikawa dhahabu. Kijitu ndiye anayepewa kiti cha dubwana.

Ndoa hiyo inakubali kwa sababu ngano zote mbili zinasimama juu ya sharti. Mazimwi yanakaribia kuiteka nchi ya baba yake Belle, yule msichana mrembo. Rumplestiltskin atawaokoa, lakini bei yake ni Belle, akamtumikie maisha yake yote. Baba anakataa, mchumba wake Gaston anakataa, Belle mwenyewe anasema atakwenda. Dakika chache tu zimepita na tayari tunajua nani ana nini na nani atapoteza nini. Waandishi wengi chipukizi hutumia kurasa kumi kufika hapo.

Halafu linakuja sharti la pili, na hili ndilo linalokipa kipindi makali yake. Busu la penzi la kweli litamrudisha Rumplestiltskin kuwa binadamu, na litamnyang'anya nguvu zake zote. Sisi tuliosimuliwa habari za Lwanda Magere tunaijua njia hii: shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, uhai wake ukakaa kivulini, na mke aliyetoka kwa Wanandi akaigundua siri hiyo alipokuwa akimtibu. Lwanda hakupata nafasi ya kuchagua. Siri ilimponyoka, na mkuki ukatua kivulini. Rumplestiltskin yeye anachagua kwa macho makavu. Busu limeanza kufanya kazi, ngozi yake inaanza kurudi ya kibinadamu, naye anajitoa mikononi mwa mwanamke anayempenda, kisha anamfukuza akimwambia kwamba nguvu zake anazithamini kuliko yeye. Robert Carlyle anaiigiza sehemu hiyo bila kuomba huruma yetu, na ndiyo maana anaipata.

Sasa kikombe. Belle anamwandalia chai siku zake za mwanzo kasrini. Bwana wake anamtajia kazi zake, na ya mwisho ni kuchuna ngozi za watoto anaowawinda. Kikombe kinamponyoka, kinameguka ukingoni. Alikuwa anatania. Belle anaomba msamaha kwa kimego hicho kidogo, na Rumplestiltskin anashangaa kwamba mtu anaweza kujisumbua kwa kitu kama hicho. Basi. Hakuna muziki wa kutuamuru tukumbuke. Baadaye, akiwa amepandwa na hasira, anavunja kila chombo kabatini, anafika kwenye kile kilichomeguka, mkono unasita, anakirudisha. Na Malkia anapomletea uongo kwamba Belle amekufa, anakiweka mahali pa heshima na kulia. Ishara ya kitu katika drama hujengwa hivyo hivyo. Mara ya kwanza kiwe kichekesho, mara ya pili kiwe siri ya mhusika, mara ya tatu hadhira imwelewe bila kuambiwa neno. (Wanaoijua katuni ya Disney ya 1991 wanaona pia kwamba kikombe chenye kimego kimetoka humo. Disney ndio wenye ABC, kwa hiyo hakuna wa kuwashtaki.)

Mjini, Rumplestiltskin ni Bwana Gold, mkopeshaji, na baba yake Belle ni muuza maua mwenye deni. Gold anamnyang'anya gari lenye waridi Valentine ikikaribia. Msomaji wa kaunti hii, mwenye ndugu katika mashamba ya maua ya Naivasha, hahitaji maelezo: kumkosesha muuza maua soko la tarehe 14 Februari ni kumkosesha mwaka. Muuza maua anaiba nyumbani kwa Gold, kikombe kinapotea, na Gold anampeleka kwenye kibanda msituni na kumpiga kwa mkongojo. Sikiliza maneno yake pale. Anaanza kwa kudai kitu kilichoibwa, kisha bila kujijua anageukia "yeye", kwamba yeye hayupo tena na kosa ni la baba. Mzee anayepigwa haelewi ni nani huyo. Sisi tunaelewa. Hapo kisengere nyuma, yaani kuirudisha hadithi wakati uliopita, kimelipa gharama yake, kwa kuwa leo haieleweki bila jana.

Ila kando ya hayo tunaletewa jioni ya wanawake baa. Ashley, yule Cinderella wa zamani, analalamika kwamba mchumba wake anafanya kazi kupita kiasi, kisha mchumba anatokea na pete, mambo yakaisha. Nani alihatarisha nini? Hakuna. Jambo ambalo lingetatuliwa kwa simu moja halifai kupewa nafasi kati ya kasri na kibanda. Kila tunaporudishwa baa, joto la hadithi linashuka, na inabidi kasri lianze kulipasha upya. Ningekifanyia uhariri kipindi hiki, baa ingekuwa ya kwanza kutoka.

Gaston naye ameonewa. Anabisha mlango aje kumwokoa mchumba wake, anageuzwa waridi, na waridi hilo linakabidhiwa Belle kama zawadi. Ni mzaha mkali, nilicheka, lakini baadaye hakuna anayemuulizia. Belle anapendana na mtu aliyemuua mchumba wake, hajui, na mwandishi hataki tulifikirie hilo.

Wengine hulalamika kwamba penzi lenyewe limekuja haraka. Mimi sikubaliani sana. Belle anaanguka kutoka kwenye ngazi akifungua mapazia, Rumplestiltskin anamdaka, kisha anasimama kama mtu aliyesahau mikono hutumika vipi. Ngano hazihesabu miezi. Kinachonikera ni kwamba mbinu ya busu Belle anapewa na Malkia njiani, kwa mazungumzo mafupi, naye anaifuata bila swali, msichana yule yule aliyejadili hatima yake mbele ya baraza la baba yake.

Picha ya mwisho, Belle akiwa hai, amefungiwa chini ya hospitali ya mji, wapo wanaoiona hila ya kutushikilia hadi wiki ijayo. Mimi naitetea. Sasa tunajua jambo ambalo Gold halijui, na kila atakaposalimiana na Malkia barabarani tutakuwa tunahesabu.

Ukitaka kukitazama bila kuanza msimu mzima, tanguliza kipindi cha 8, "Desperate Souls". Humo utamkuta Rumplestiltskin kabla ya uchawi, msokota nyuzi maskini aliyekimbia vita, anayedharauliwa kijijini na kuhofia mwanawe atapelekwa jeshini. Ukishamwona akiwa amepiga magoti mbele ya askari, hutauliza tena kwa nini alilikataa busu.