Uongo wa kwenye basi la Tunduma

Basi la Dar kwenda Tunduma likishapanda Kitonga, abiria wanaanza kusimuliana. Mkifika Lugalo, hakosekani wa kunyoosha kidole kwenye mnara: "Hapo ndipo Wajerumani walimuua Mkwawa."

Siyo. Hapo Wahehe, wengi wakiwa na mikuki tu, waliwavamia Wajerumani na askari wao tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliishi karibu miaka saba zaidi, na hakuna Mjerumani aliyemuua. Julai 1898, doria ikiwa inamkaribia, alijipiga risasi. Walichokuta ni maiti, wakaikata kichwa.

Mwingine atadakia kwamba fuvu lilirudi baada ya Vita vya Kwanza. Lilitakiwa lirudi, ndiyo: Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliwapa Wajerumani miezi sita. Likarudi 1954! Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikuta mafuvu mengi kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, ikabidi yalinganishwe na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Lililochaguliwa liko makumbusho ya Kalenga. Neno "lililochaguliwa" nimelitumia makusudi.

Mafinga, baridi inaingia hadi ndani ya basi, na maneno yanahamia kwenye majiko. Mama mmoja alinihakikishia kuwa mkaa ukishakuwa mwekundu, hauna moshi, unalala nao chumbani bila wasiwasi. Huu ndio uongo unaonitisha. Moshi angalau unakukohoza ukaamka. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mkaa mwekundu unaitoa vilevile. Inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, usingizi unakuwa mzito, ndiyo basi tena. Jiko lilale nje.

Mbeya utasikia nyani aitwaye kipunji "aligunduliwa" 2003. Na nani? Watafiti walifuata habari za wawindaji wa Rungwe, ambao jina la nyani huyo walikuwa nalo zamani.

Mbozi ni hivyo hivyo: "jiwe lililoanguka 1930." Mwaka huo ndipo wageni walipokiandika kimondo chenyewe, kuanguka kilianguka zamani mno, hata shimo lake halionekani. Wala si jiwe. Ni chuma, takriban asilimia 90, uzito unaokadiriwa tani 16. Kigonge kwa sarafu usikie. Waliotaka kipande walikiendea na msumeno, na alama ya mkato bado ipo.