Ugali wa wimbi nao hupandisha sukari

Ukinunua unga soko la Kibuye, Kisumu, utasikia ushauri huu: mzee akiwa na sukari, mwondolee ugali mweupe, mpikie wa wimbi, ale ashibe. Wengi tunaowatunza wenzi wetu tumeushika miaka mingi, kwa nia njema kabisa.

Una ukweli ndani yake. Wimbi lina nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe uliokobolewa, na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kupanda. Lakini wimbi bado ni wanga, na wanga hugeuka sukari kwenye damu. Muhogo unaochanganywa humo ndio karibu wanga mtupu. Kwa hiyo bonge kubwa la kahawia linaweza kumpandishia sukari kuliko kipande kidogo cheupe.

Hakuna haja ya kubishana mezani. Mpime sukari kidoleni kabla ya kula, kisha baada ya saa 2 tangu tonge la kwanza, uandike namba zote mbili daftarini pamoja na ukubwa wa ugali. Wagonjwa wengi hulenga chini ya milimoli 10 kwa lita wakati huo, ila lengo lake hasa mwulize daktari wake. Siku nyingine mpikie ugali uleule, nusu yake, sahani ijae mnavu na omena, umpime tena.

Kama anatumia insulini au tembe, tafadhali zungumza na kliniki kabla ya kumpunguzia wanga. Sukari ikishuka chini ya 4, akatetemeka na kutoka jasho, mpe maji ya sukari mara moja, maadamu anaweza kumeza.