Wati-saa: kipimo cha kujua kabla hujanunua betri ya kompyuta

Ingia duka lolote la vifaa vya sola hapa Moshi, useme unataka betri ya kuendeshea kompyuta umeme ukikatika. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "ya ampea ngapi, bosi?" Wengi hujibu mia, kwa sababu jirani naye ana ya mia. Ndivyo nilivyojibu mimi. Kumbe kabla ya ampea kuna kipimo kingine kinachoitwa wati-saa, na kila mwenye mita ya LUKU anakinunua bila kukiita kwa jina hilo.

Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Wati inaeleza kifaa kinakula umeme kwa kasi gani. Wati-saa inaeleza kimekula kiasi gani hadi unapokizima. Taa ya wati 10 itachukua saa 100 kumaliza uniti moja. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja ikiwa moto muda wote.

Sasa geukia betri. Ubavuni imeandikwa volti na ampea-saa (ndizo zile "ampea" za dukani), mathalani 12V 100Ah. Zidisha: 12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Yaani lile dude linalokaribia kilo thelathini, linalokutoa jasho kulipandisha ngazi, limebeba uniti moja na mbili ya kumi. Basi. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea sifuri.

Na hiyo nayo huipati yote. Betri za asidi, zikiwemo zile zilizofungwa zisizoongezwa maji, zinadumu usipozitoa zaidi ya nusu ya chaji kila mara. Ukizoea kuikamua mpaka inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ilie, unaila miaka yake. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 inavumilia kutolewa asilimia 80 au zaidi, ndiyo maana bei yake inakushtua dukani lakini ukigawanya kwa miaka utakayoitumia haitishi sana. Halafu kuna inveta yenyewe: katika kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 inapoteza kiasi, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 15, tena inakula kidogo hata kama hujachomeka kitu.

Tufanye hesabu ya meza moja. Kompyuta ya mezani ya kazi za ofisi wati 80, kioo chake 25, ruta ya intaneti 10, taa ya mezani 5. Jumla wati 120. Unataka saa tatu, muda wa kumaliza kazi ya mteja: 120 mara 3 ni wati-saa 360. Gawa kwa 0.85 kufidia inveta, unapata kama 424. Kwa betri ya asidi zidisha mara mbili, kwa kuwa nusu haiguswi: 848. Gawa kwa volti 12, inakuja ampea-saa 71 hivi. Kwa hiyo ya 75 inakutosha ikiwa mpya. Ukinunua ya 100 umejiwekea akiba ya siku itakapochoka. Kwa lithiamu, ya 50Ah inakutosha.

Hizo wati 120 usizichukue kwangu, pima zako. Na usidanganywe na stika ya pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, iliyoandikwa 450W. Huo ndio mwisho wa uwezo wake, siyo inachokula. Njia ya bure ni mita yako. Zima kila kitu nyumbani, friji nayo ichomoe, uache kompyuta na vitu vyake tu. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake imeandikwa imp/kWh. Kama ni 1000 imp/kWh, kila mpepeso mmoja ni wati-saa moja. Hesabu mipepeso kwa dakika sita, zidisha kwa kumi, hizo ndizo wati zako. Mimi nilipata kumi na moja, na watoto wakaniuliza kama nimeanza kuhesabu nyota mchana.

Kosa langu mimi lilikuwa betri ya gari. Fundi aliniambia, "Kaka, betri ni betri, hii ya gari bei yake nusu." Miezi michache baadaye ilikuwa inashika dakika kumi. Betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi ili itoe moto mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha altaneta inaijaza palepale. Haikuundwa kunyonywa taratibu saa tatu. Omba ya sola, yenye sahani nene.

Wapo pia wanaofungua UPS ndogo, lile boksi lenye betri ndani la kushikilia kompyuta umeme ukikatika, na kuiunganisha na betri kubwa nje. Betri yake ya asili huwa ya 12V 7Ah, wati-saa 84, ya kukupa dakika za kuhifadhi faili na kuzima. Transfoma yake imepangiwa dakika hizohizo. Ukiiendesha saa tatu inachemka. Na chaja yake ni ndogo mno. Tuseme inatoa ampea moja: kurudisha nusu ya betri ya 100Ah kunahitaji zaidi ya saa 50, siku mbili na ushee, na umeme hautakusubiri. Betri ya asidi ya ukubwa huo inataka chaja ya ampea 10 hivi.

Inveta, tafuta iliyoandikwa "pure sine wave" kwenye boksi, yaani inayotoa wimbi laini la umeme. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazingazi, na pawasaplai nyingi za siku hizi hazilipendi. Angalia pia inachukua muda gani kuhama kutoka umeme wa TANESCO kwenda kwenye betri. Ikizidi milisekunde 20, kompyuta inaweza kujizima na kuwaka upya, na kazi yako imekwenda. Printa ya leza iache nje kabisa. Inapopasha moto roli yake inavuta mamia ya wati kwa mkupuo.

Mahali pa kuiweka, wenzetu wa Arusha wana nafuu ya ubaridi. Kwetu Moshi, chini ya bati mchana, ni habari nyingine: betri ya asidi ikikaa nyuzi kumi juu ya 25, umri wake unapungua karibu nusu. Iweke sakafuni, kivulini, palipo na hewa, wala isiwe chumba cha kulala, maana betri ya kuongeza maji hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, inapochajiwa. Waya kati ya betri na inveta uwe mfupi na mnene. Inveta ya wati 500 ikifanya kazi yote inavuta zaidi ya ampea 45 kwenye volti 12. Fyuzi funga kwenye waya wa chanya, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye betri, kabla hujaunganisha kitu kingine chochote.